Parishoki Isiyoshika Alama

Ndoo ilikuwa moja tu. Humo alizamisha chuma cha moto mpaka maji yapige kelele na kutoa mvuke unaonuka kutu. Humo alilaza chupa zake za bia zipate baridi. Na jioni akifunga kazi, alichota humo humo, akanawa uso, akasukutua mdomo, akatema kwenye matembele yangu.

"Fundi," nilimwambia, "maji hayo yana mafuta ya gari."

"Mama Jaklini, mafuta ndiyo inanitunza ngozi. We unapaka ya dukani, mi napaka ya injini."

Akacheka, meno yote nje, na katikati ya meno kipande cha samaki wa mukeke alichokula mchana.

Nikimkumbuka mtu yule, kinachonijia kwanza ni kichefuchefu, na sioni sababu ya kukificha. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi hapa Ruziba, kwenye barabara iendayo Rumonge. Kwa mikono yake nimeona vikitoka vitu vizuri kuliko vya fundi mwingine yeyote wa chuma mjini. Na mtu huyo huyo alilijua gari lililompiga Spesioza, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akanyamaza, wakati mkwe wangu Evariste amefungwa kwa kosa hilo. Majina ya watu mimi nayashika yote, mpaka ya wale tuliochota nao maji tukiwa wasichana: Karorina, Sabina, Espéransi aliyekuwa na kigugumizi. La kwake nalijua pia, la nyumbani na la ubatizo. Sitaliandika. Wote tulimwita Fundi, basi abaki Fundi.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea. Milango, madirisha, vitanda vya chuma, makaburi yenye uzio, hayo yote alifanya akiwa amenuna. Kilichomfurahisha kilikuwa kimoja: parishoki, kile chuma cha mbele ya gari ambayo Watanzania wanaita bampa. Si ya taksi wala ya gari la kwenda ofisini. Ya yale magari marefu ya kupanda milima, yenye matairi kama mawe ya kusagia, yanayokwenda huko juu Bururi wakati wa matope, au yanavuka kwenda Kongo na kuingia mito isiyo na daraja. Mwenye gari anafika, anashuka, anaonyesha parishoki ya kiwandani. Fundi anaigonga kwa kucha. Inalia kama kifuniko cha plastiki.

"Hii ni sahani ya watoto," anasema. "Wazungu wamekuuzia gari ya kiume, wakaivalisha sahani."

Kisha anaanza, na hapo mimi nilikuwa nasimama kwenye ukuta na ungo wangu wa mchele, nachambua na kutazama. Hakuwa na karatasi wala kipimo cha maana. Alichukua maboksi ya maziwa na ya sabuni, akayakata kwa kisu, akayabandika kwenye pua ya gari kwa utepe, akakata tena, akakunja, mpaka gari lina parishoki nzima ya karatasi. Mara nyingine iliandikwa "sabuni" katikati. Alizunguka, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Akiridhika, anavua yale maboksi kipande kwa kipande, anayalaza juu ya bamba la chuma nene kama kidole changu kidogo, anachora kwa chaki. Halafu mashine ya kukatia, na cheche mpaka kwenye nguo zangu zilizoanikwa. Nina kitenge chenye matundu kama kilichotobolewa na nondo. Nilimwonyesha. Akasema, "Sasa kinapitisha hewa."

Katika kuunganisha alikuwa mvumilivu ajabu. Anaweka tone la moto hapa, anaacha, anakwenda upande wa pili kabisa, anaweka tone lingine. Nilimuuliza kwa nini anarukaruka kama kuku. Akaniambia ukichoma mahali pamoja, chuma kinajikunja, kinakasirika, na hakirudi tena. Kwa hiyo alikuwa anakituliza. Ndiyo, mtu yule alijua kutuliza chuma. Kisha anachukua nyundo ndogo na kubangua mavi ya chuma, lile gamba jeusi linaloganda juu ya kiungo, na chini yake mshono unatoka umejipanga kama ukili wa mkeka wa Uvira. Aliupitisha kidole, na kile kidole alikilamba kwanza. Nimeona hivyo mara nyingi na sikuwahi kuzoea. Kidole cheusi, kinaingia mdomoni, kinatoka, kinapita kwenye chuma, kinarudi mdomoni.

Hilo lilinichosha kwake: uzuri na uchafu havikuachana hata nafasi ya kupitisha uzi. Ningependa awe fundi mbaya. Ningekuwa na mahali pa kuweka chuki yangu yote.

Siku ya kumkabidhi mwenye gari ilikuwa kama sherehe. Mteja analeta kreti ya bia. Watu wa barabarani wanasimama. Mbele ya karakana kulikuwa na mchikichi, mti wa marehemu mume wangu, uliokuwa mpakani. Fundi alimwambia mteja apande, awashe, aje polepole mpaka parishoki iguse mti, halafu asukume. Gari linanguruma, mti unalia, magamba yanadondoka. Kisha anamwita mteja ashuke, anampa tochi.

"Tafuta alama."

Mteja anainama, anatafuta, hapati.

"Tafuta tena, patron. Umelipa. Tafuta."

Hapati. Fundi anafungua chupa kwa meno, anamwaga kidogo juu ya chuma, anasema "nakubatiza," na watu wanapiga makofi. Mchikichi ule umekufa umesimama. Nilimwambia mti una mwenyewe. Aliniletea chupa ya mafuta ya mawese, akasema ni fidia, na kwenye shingo ya chupa kulikuwa na alama za vidole vyake. Niliwapa watu wengine.

"Parishoki yangu haishike alama." Hayo maneno aliyasema kila siku, kama wengine wanavyosema Mungu akipenda. "Gonga ukuta, alama utaiona kwa ukuta." "Gonga ng'ombe, muulize ng'ombe." Wateja walipenda sana maneno hayo. Walikuwa watu wa aina yake: wenye simu mbili, wenye dereva, wanaozungumza wakitazama juu ya kichwa chako. Mmoja alikuja na gari jeusi mara tatu kuongezewa hiki na kile, masikio ya kufungia kamba ya kuvuta gari, mahali pa kufunga mashine yenye kamba ya chuma, bomba la kulinda taa. Wakati hata mafuta ya gari yamekosekana mjini na watu wanalala kwenye foleni, lake halikukosa mafuta. Fundi alimwita "mukubwa" na kumfutia kiti kwa shati lake. Shati likasafisha kiti, au kiti kikasafisha shati, sikujua.

Lazima niseme na mengine, maana watu wa mtaa wakisoma watasema bibi huyu ana roho mbaya. Fundi hakumtoza mjane mbabula. Mbabula, jiko letu la makaa, alikuwa anazitengeneza kutoka vipande vilivyobaki vya parishoki, nzito, za kudumu. Anjelina anayo moja, Domitila anayo, mimi nilikuwa nayo. Watoto wawili wa dada yake aliwalea mpaka wakaolewa. Na kanisani aliimba. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, ukikaa benchi la nyuma ulikuwa unaisikia kwenye mbao. Nilikuwa nafumba macho nisione zile kucha zikishika kitabu.

Na jambo moja ambalo wateja wake wangelicheka: aliogopa damu. Kuku wake aliniletea mimi nimchinje. Anampitisha juu ya ukuta, miguu imefungwa, kisha anageuka, anaziba masikio.

"Bado, Mama Jaklini?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Fundi, amekufa tangu zamani. Njoo uchukue nyama yako."

Anakuja akitembea kwa upande kama kaa, mkono mbele, uso nyuma. Mimi nilicheka enzi hizo. Nilikuwa namwona mtoto mkubwa. Sasa nikikumbuka ule uso uliogeuzwa, mate yananijaa mdomoni.

Maana niliuona tena, siku ile.

Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, ukarudi alfajiri, kwa hiyo sikushangaa kusikia mashine yake mapema. Mguu mmoja wa mbabula yangu ulikuwa umelegea. Nikaibeba, nikazunguka ukuta. Parishoki moja, nyeusi, kubwa, ilikuwa imevuliwa na kulazwa juu ya mapipa mawili. Gari lenyewe halikuwepo. Fundi alikuwa ameinama na kijiti cha waya, anachokoa kwenye ule mwanya anaouachaga chini ili maji ya mvua yatoke. Kitambaa amekifunga puani. Uso ameugeuza pembeni, anachokoa bila kutazama.

Kwenye mchanga chini ya pipa zilianguka ndagala. Zile ndogo za ziwani, mbichi, zinang'aa. Nzi walikuwa wameshafika.

"Fundi, umeanza kuvua?"

Aliruka. "Mama Jaklini! Mbona hupige hodi?"

"Hodi ya nini, huna mlango. Ndagala zimeingiaje humo?"

"Muteja anabebaka samaki. Anatoka nazo Rumonge."

"Anazibeba ndani ya parishoki?"

Akacheka, lakini siyo kile kicheko chake cha meno yote. Akachukua mashine ya kusugulia, akaipitisha kwenye kona ambapo palikuwa na mkwaruzo wa rangi ya buluu, kidogo tu, kama mtu amefutia kidole. Cheche zikaruka. Rangi ikaondoka. Akamwaga maji ya ndoo, bado amegeuza uso. Mbabula yangu aliitengeneza haraka haraka na kuniambia niende, ana kazi nyingi.

Nilikwenda. Nikapika uji. Jua lilipopanda ndipo Jaklini, binti yangu, alipoingia uani bila viatu, akilia, anasema Evariste amekamatwa.

Spesioza kila alfajiri alinunua ndagala kwa wavuvi wa hapa Ruziba, akazitia kwenye beseni lake la bati lenye maua ya buluu, akalibeba kichwani mpaka kwenye nyumba kubwa za Kibenga. Mimi sauti yake ndiyo ilikuwa inaniamsha. Siku ile gari lilimpiga kutoka nyuma, likaenda zake. Evariste, mume wa Jaklini, alikuwa anatoka kupakia mchanga na kigari chake cha zamani. Akamkuta amelala pembeni, taya limevunjika, mguu umegeukia kusiko, ndagala barabara nzima. Magari mengine yalimzunguka na kupita. Evariste akasimama. Akamwinua, akamweka kiti cha mbele, hata beseni akaliokota akalitupa juu ya mchanga, akisema moyoni, mama huyu akizinduka atauliza beseni lake. Akakimbia naye hospitali.

Hilo beseni ndilo lililomfunga. Beseni liko ndani ya gari lake, damu iko kwenye kiti chake, na mbele parishoki ya bati imebonyea.

"Hii ni nini?" polisi wakamuuliza.

"Ni ng'ombe. Mwaka jana, kule Nyanza-Lac."

"Ng'ombe anauzaka ndagala?"

Walicheka wote, akanisimulia Jaklini. Evariste pia alianza kucheka, akidhani ni mzaha na mzaha ukiisha atarudi nyumbani. Wakamvua mkanda na viatu.

Sikumaliza hata kumsikiliza. Nilizunguka ukuta na mwiko mkononi. Parishoki ilikuwa imeshaondoka, mapipa yamebaki, na chini mchanga mpya umemwagwa.

"Fundi, ile parishoki ya asubuhi ni ya nani?"

"Ipi?"

"Yenye ndagala."

"Mama Jaklini, mi natengeneza parishoki za watu wengi."

"Kila moja unaijua. Wewe mwenyewe unasema unazijua kama mama anavyojua mgongo wa mtoto wake. Ni ya nani? Evariste yuko ndani."

Alikaa kwenye gogo. Alichukua kipande cha waya ule ule wa kuchomelea, akaanza kuchokonoa meno. Waya ule ule, au ndugu yake, sijui.

"Pole kwa mukwe," alisema. "Ni kijana muzuri. Lakini mi natengeneza chuma, sitengeneze kesi. Leo nikisema jina, kesho nani atakuja hapa? Na mi mwenyewe nitakuwa wapi?"

"Kwa hiyo umelijua jina."

"Apana. Nimesema nikisema."

Kuogopa ningemsamehe. Mimi mwenyewe nimeishi hapa, najua kuogopa kunavyokuwa, nimeshawahi kujilaza chini ya kitanda na watoto wanne na kuwaziba midomo. Lakini subirini.

Nilikwenda kule walikomfunga Evariste. Afisa kijana, mpole, alinipa kiti.

"Bibi, uliona gari?"

"Niliona parishoki."

"Ilikuwa inatembea peke yake?"

Nilimweleza yote, ndagala, rangi ya buluu, Fundi. Alinisikiliza, na kwa kweli alimwita. Fundi alikuja na shati jeupe la kwaya. Akasema hakumbuki kitu, kwake magari yanaingia na kutoka, mama huyu ni jirani yake anamheshimu lakini macho yake ni ya uzee. Ndipo yule afisa, kwa kuwa ana fundi wa chuma mbele yake, akamwomba atoke uani atazame gari la Evariste. Je, ule mbonyeo unaweza kuwa wa mtu?

Ningeapa kwamba angesema sijui. Mtu aliyekuwa amesema sijui mara kumi, ya kumi na moja ingemgharimu nini? Lakini alichuchumaa mbele ya kile kigari. Akafumba jicho moja. Akalamba kidole, akakipitisha kwenye mbonyeo, na nikaona uso wake umebadilika, umekuwa ule uso wake wa kazi.

"Bati hii?" alisema. "Hii ni laini sana. Hata mutu anaacha alama hapa. Hata mutoto. Mi siweze kuuza kitu kama hii."

Afisa akaandika.

Alijivuna! Hakumsaliti Evariste kwa ubaya, ningekuwa na nafuu. Aliulizwa habari ya chuma, akajibu habari ya chuma, na ukweli wake ulikuwa kweli, na aliinuka akipangusa magoti, ameridhika. Njiani kurudi alitaka tupande basi moja. Nilitema mate chini, mimi ambaye sijawahi kutema mate mbele za watu.

Jaklini alipeleka chakula gerezani msimu mzima wa mvua. Asubuhi anapika, mchana anasimama kwenye mstari wa wanawake wenye vikapu, jioni anarudi na sahani tupu na maneno mawili ya mume wake. Mwanzo maneno yalikuwa "sijambo, wasalimu". Baadaye yakawa "nimechoka". Baadaye hakuna. Watoto waliuliza baba amemwibia nani. Na upande wa pili wa ukuta, kila siku, kokoko, nyundo ndogo inabangua mavi ya chuma.

Fundi aliendelea kunisalimu. Hilo ndilo sikulielewa hata kidogo. "Waramutse, Mama Jaklini!" kama zamani. Wakati wa misa, tulipoambiwa tupeane amani, alivuka mabenchi mawili kuja kwangu, mkono mbele, na ule uso wa mtu anayetaka kupendwa. Mkono wangu niliuficha ndani ya kitenge. Alisimama hapo, mkono wake unaning'inia, na kwaya imeshaanza bila sauti yake. Siku iliyofuata alipitisha juu ya ukuta mbabula mpya, ina mishikio miwili imesokotwa kama nywele za bibi arusi. Niliiweka uani, mabata wakanywea maji.

Aliyemtoa Evariste ni Spesioza. Taya lilipofunguliwa nyaya, neno lake la kwanza, wanasema, lilikuwa kuuliza beseni. La pili ni hili: "Aliyenipiga sikumuona, lakini gari yake niliisikia, haikupunguza hata mwendo. Huyu munayemufunga nilisikia akisimama. Gari yake inalia kama mbuzi. Mutu anapiga mutu, anaenda, halafu anarudi na gari ingine kumuokota?" Afisa yule yule aliandika. Evariste akarudi nyumbani na shingo imekonda kama ya kuku. Hakuna aliyemwambia samahani. Spesioza anatembea na fimbo sasa, kichwani habebi kitu. Gari jeusi la yule mukubwa linapita hapa kama kawaida. Likinikuta navuka, dereva anapiga honi taratibu, kwa adabu.

Jina hilo Fundi hakulisema. Si kwa afisa, si kwangu, si kwa padri, kwa jinsi ninavyomjua.

Mwezi uliopita, Jumamosi, tulikuwa uani. Evariste alikuwa chini ya kigari chake, anajaribu kukifufua. Kilikaa kwenye ua wa serikali mpaka panya wakazaa kwenye kiti. Jaklini alikuwa anafua. Nikasikia magurudumu ya mkokoteni yanaingia. Alikuwa Fundi. Amezeeka, jicho moja limekuwa jeupe kwa moto wa miaka yote ile bila miwani, na anahema. Juu ya mkokoteni kuna kitu kimefunikwa kwa turubai.

Hakunitazama. "Evariste," aliita. "Toka, mwanangu. Tazama."

Akavua turubai. Ilikuwa parishoki. Ndogo, ya kipimo cha kigari kile, alikuwa amekipima wapi sijui, labda kwa kukitazama tu juu ya ukuta. Pembe zake zimezungushwa. Mishono imelala vizuri, sijapata kuona kazi yake iliyotulia namna ile. Rangi nyeusi bado inanuka.

"Ni zawadi," alisema. "Siku ile, gari yako ingekuwa na hii, nani angekukamata? Wangetafuta alama, wangekosa. Mi nimelala nikiwaza hiyo. Nikasema, hapana, huyu kijana anateseka kwa sababu ya bati. Sasa imeisha. Hata ikikutokea ya kweli, hawataona kitu."

Alikuwa na machozi. Nasema nilichokiona: lile jicho zima lilikuwa linatoka machozi, na kamasi inafuata, na anaifuta kwa kiganja na kiganja anakifuta kwenye parishoki ile mpya. Alikuwa ameleta toba yake, na toba yenyewe ndiyo hiyo.

"Ondoa uchafu huu kwangu," nilisema. "Fundi, geuza mkokoteni wako. Ondoa."

"Mabukwe," akasema Evariste, "acha kwanza."

Tangu amuoe binti yangu, Evariste hajawahi kuniambia acha, mimi mama mkwe wake. Kwetu mkwe hata kikombe anakipokea kwa mikono miwili akitazama chini. Alitoka chini ya gari, akajipangusa, akaja kwenye mkokoteni. Akapitisha kiganja juu ya chuma, kutoka upande huu mpaka upande ule. Akarudia.

"Ni nene," alisema.

"Nene sana," akasema Fundi.

"Inashika kwenye shasi?"

"Kwenye shasi kabisa. Bulo zote nimekuja nazo."

Jaklini aliacha kufua, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Waliinua pamoja, huyu upande huu, huyu upande ule, mkwe wangu na yeye, wakaivalisha kigari. Iliingia bila kusukumwa. Fundi aliishikilia, Evariste akalala chini na spana.

Niliinama mpaka nikaona uso wake katikati ya matairi.

"Evariste. Na ukimkuta mtu amelala barabarani, kama Spesioza?"

Alikuwa anakaza bulo kwa spana. Hakuacha kukaza.

"Siku hiyo, mabukwe, nitakuwa sikuona."

"Sasa umesema," Fundi akaitikia kule juu, kwa ile sauti yake nzuri ya kanisani.

Kesho yake, Jumapili, Evariste aliwasha gari atupeleke misa. Watoto walipanda nyuma, wamepakwa mafuta, wanapiga kelele za furaha kwa chuma kipya. Jaklini alikaa mbele. Waliniachia nafasi karibu na dirisha. Nilishika rozari yangu, nikafunga kitenge vizuri, nikaenda kwa miguu, nikitembea upande ule ambao magari yanakuja uso kwa uso, niweze kuyaona.